Kiti mwendo cha mtoto hakiishii siku ya kukabidhiwa

Sherehe za kukabidhi viti mwendo zinafanana karibu kila wilaya. Turubai limefungwa kwenye uwanja wa halmashauri, viti vimepangwa mstari vikiwa bado kwenye nailoni, kwaya imeshaimba na mgeni rasmi anasubiriwa. Akifika, majina yanasomwa. Mama anasimama na mtoto mgongoni, miguu ya mtoto ikining'inia hadi karibu na magoti ya mama kwa kuwa umri wa kubebwa umempita zamani. Anamfungua, anamketisha, picha inapigwa. Furaha ya siku hiyo ni ya kweli. Mama anayembeba mtoto wa miaka tisa kwenda kliniki, msibani na chooni anaujua uzito wa alichopewa, na aliyetoa fedha zake kununua kiti ametenda jema.

Namwomba msomaji amwangalie mtoto aliye kwenye picha ile. Mara nyingi amezama ndani ya kiti cha mtu mzima. Miguu yake haifiki kwenye vikanyagio. Kiwiliwili kimelalia upande mmoja, kidevu kimegusa kifua, na kanga imezungushwa tumboni kumzuia asiteleze. Kiti chenyewe ni cha aina ya hospitali, kilichoundwa kumtoa mgonjwa wodini hadi chumba cha eksirei juu ya sakafu laini, safari ya dakika chache na mtu wa kumsukuma. Mtoto asiyeweza kujishikilia akikalishwa humo kwa saa mbili ataumia, atalia, na mama atamtoa. Baada ya miezi kadhaa kiti kitakuwa kimeegeshwa nyuma ya mlango na mtoto amerudi mkekani. Kwenye taarifa ya mradi, hata hivyo, ameshahesabiwa kuwa amepata kiti.

Tunapozungumzia viti mwendo, mawazo yetu yanakimbilia kwenye magurudumu. Tunauliza vimekuja vingapi, vimetoka wapi, vitapita kwenye mchanga au havitapita. Kwa mtoto ambaye mwili wake hauwezi kukaa wenyewe, jambo la kwanza liko juu ya magurudumu: ni kile kinachoshika nyonga, mgongo na kichwa chake. Hapo ndipo fedha nyingi za huruma zinapopotelea.

Urithi wa polio

Namna tunavyogawa viti ina historia. Kwa vizazi kadhaa, mtu akitaja mtoto mlemavu wa viungo, aliyemjia akilini ni mtoto aliyepooza kwa polio. Polio hulegeza misuli, mara nyingi ya miguu, lakini hisia za ngozi hubaki, na wengi hubaki na mikono na kiwiliwili chenye nguvu. Mtoto wa namna hiyo akipewa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono, alifika shuleni na sokoni mwenyewe. Kumpa chombo na kumwacha aende kulitosha, au kulikaribia kutosha.

Chanjo imebadilisha hali hiyo. Kisa cha mwisho cha polio ya virusi vya asili nchini Tanzania kilikuwa mwaka 1996, na tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ilithibitishwa kuwa imekomesha maambukizi ya virusi hivyo. Leo ukikaa asubuhi moja kwenye kliniki ya mazoezi, iwe ya hospitali ya rufaa au ya kituo cha kanisa, wengi utakaowakuta ni watoto wenye mtindio wa ubongo. Duniani kote hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya ulemavu wa viungo utotoni. Ubongo uliumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo. Mtoto alichelewa kulia kwa kukosa hewa, alizaliwa njiti, alipata manjano makali yasiyotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Sababu nyingi kati ya hizo zinazuilika kwenye chumba cha kujifungulia na wodi ya watoto wachanga, na suala hilo linastahili makala yake.

Wataalamu huwapanga watoto hawa katika ngazi tano kwa kadiri wanavyoweza kutembea na kukaa. Wa ngazi ya kwanza anakimbia na wenzake, ingawa anajikwaa zaidi yao. Wa ngazi ya tano hawezi kukaza shingo. Wa ngazi ya nne na ya tano ndio hasa wanaohitaji kiti kinachoushika mwili, na ndio ambao kiti cha hospitali hakiwafai kabisa. Hata hao hawafanani. Wapo wanaokakamaa, mwili ukijinyoosha au kujikunja kwa nguvu wasiyoitaka, na wapo waliolegea wakamwagika popote unapowaweka. Kiti kinachomtuliza mmoja kinaweza kumdhuru mwingine.

Kuna pia watoto waliozaliwa na mgongo wazi, ambao wengi wao huwa na kichwa kikubwa kwa sababu ya maji kujaa. Wengi wana mikono yenye nguvu, na wakipewa kiti chepesi wanajisukuma wenyewe. Hatari yao iko kwingine. Chini ya pale uti wa mgongo ulipoathirika, hisia zimepungua au hazipo. Mtoto anakaa juu ya ubao au kitambaa kilichobonyea, ngozi inakandamizwa dhidi ya mfupa, damu haipiti, nyama inaanza kufa, naye hasikii kitu. Mama anakuja kugundua kwa harufu. Vidonda hivyo vya mgandamizo vinaua. Mtoto huyu asipewe kiti bila mto wa kukalia uliotengenezwa kupunguza mgandamizo, na bila kufundishwa kujiinua kwa mikono mara kwa mara ili makalio yapumue.

Mikono kabla ya mbao

Mwaka 2008 WHO ilitoa mwongozo kuhusu viti mwendo katika nchi zenye rasilimali chache, na mwaka 2023 ikatoa mwongozo mpya. Ule wa 2008 ulieleza hatua nane: mtoto anaelekezwa kwenye huduma, anapimwa, anaandikiwa aina ya kiti, fedha zinatafutwa, kiti kinaandaliwa, kinarekebishwa akiwa amekikalia, yeye na mlezi wanafundishwa, kisha kiti kinafanyiwa matengenezo na mtoto anafuatiliwa. Ugawaji wa uwanjani huanzia kwenye kiti na kuishia kwenye kiti.

Kupimwa kwenyewe kunaanzia chini, kwenye mkeka. Mtaalamu wa fiziotherapia anamlaza mtoto chali, anakunja nyonga na magoti yake polepole, anatafuta kama fupanyonga bado linaweza kukaa sawa au limeshaganda upande mmoja. Kisha anamkalisha na kumshika kwa mikono yake: kiganja kimoja nyuma ya nyonga, kingine pembeni mwa mbavu, na mara nyingi mwenzake anasaidia kichwa. Kwa dakika hizo wao ndio kiti. Nguvu inapunguzwa hapa, inaongezwa pale, na muda wote wanautazama uso wa mtoto. Mara nyingi kuna pahali ambapo kichwa kinainuka chenyewe na macho yanaanza kutafuta watu waliomo chumbani. Pale mikono ilipo wakati huo ndipo mbao, sponji na mikanda vitakapowekwa. Sijui sehemu ya huduma ya afya inayoonyesha heshima kwa mtoto kuliko hii, na inahitaji vifaa vichache mno: mkeka, tepu ya kupimia na mtu aliyefundishwa.

Nyonga ndiyo hutulizwa kwanza. Fupanyonga likilala upande mmoja, uti wa mgongo unalifuata, na miaka ikipita kupinda huko kunakuwa kwa kudumu, mbavu zinabana, mapafu yanakosa nafasi. Kwa hiyo mkanda unapita chini, pale paja linapokutana na kiwiliwili, wala hauzungushwi tumboni kama ile kanga. Kati ya magoti kinawekwa kigingi kilichofunikwa sponji ili mapaja yasipishane. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti inabaki nafasi ya vidole viwili. Vikanyagio vinapandishwa hadi vibebe uzito wa miguu. Ni vipimo vya sentimita, na kosa la sentimita tano linatosha kumtelezesha mtoto mchana kutwa.

Matunda ya kazi hii yanaanza kuonekana kwenye bakuli la uji. Mtoto anayelishwa akiwa amelazwa mapajani, kichwa kikiwa kimerudi nyuma, anameza katika mkao unaoiacha njia ya hewa wazi. Uji unaingia kifuani. Anapaliwa, anakohoa, anarudiwa na nimonia, na mlo mmoja unachukua saa nzima na machozi. Wengi wa watoto hawa wamekonda katika nyumba ambazo chakula kipo, kwa sababu kukila kunawachosha wao na kumchosha anayewalisha. Akikaa wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, viwiko vikiwa juu ya meza ndogo iliyofungwa mbele ya kiti, kumeza kunakuwa rahisi na salama zaidi. Mama ambaye mkono wake mmoja ulikuwa wa kumzuia mtoto asianguke sasa ana mikono miwili. Anaweza kukoroga, kufuta mdomo, kungoja. Anaweza pia kumweka mtoto pale anaposonga ugali na kuendelea kuzungumza naye.

Mtoto aliyelala mkekani siku nzima anaona dari na nyayo za watu. Akiinuliwa hadi usawa wa waliokaa, wageni wanaanza kumsalimia, ndugu zake wanamshirikisha ugomvi wao, na baadhi ya wazazi wanagundua kwamba mtoto wao alikuwa akielewa maneno yote yaliyosemwa juu ya kichwa chake kwa miaka. Mtindio wa ubongo unaweza kuufunga mwili na ulimi ukaiacha akili nzima. Kutojua hilo kumewanyima watoto wengi shule.

Mtoto hubadilika kipimo

Mzazi hununua sare ya shule kubwa kidogo ili mtoto aikulie. Kwenye kiti mwendo hesabu hiyo inadhuru, kwa kuwa upana uliozidi unampindisha mgongo kuanzia siku ya kwanza. Kati ya miaka miwili na miaka kumi mtoto huongezeka urefu wa takribani sentimita 50. Watoto wenye mtindio wa ubongo wengi hukua taratibu kuliko hivyo, lakini nao hawabaki na kipimo kilekile. Kiti kizuri cha mtoto ni kile kinachofunguka: egemeo la mgongo linasogezwa nyuma, vikanyagio vinashushwa, vishikio vya mbavu vinapanuliwa. Hayo yote yanahitaji spana na mtu anayejua pa kuishika, na yanahitaji mtoto arudi kwake kila baada ya miezi sita hivi. Kwetu mnyororo unakatikia hapo. Fedha ya kiti ilipatikana mara moja. Ya kukirekebisha haikuwahi kuandikwa popote.

Miongoni mwa waliolitolea jambo la viti maisha yao wapo wanaovitumia wenyewe. David Constantine, Mwingereza aliyevunjika shingo alipopiga mbizi Australia mwaka 1982, alisomea ubunifu katika Royal College of Art ya London. Yeye na mwenzake Richard Frost walishinda shindano mwaka 1989 kwa kiti kilichokusudiwa kwa nchi maskini, na mwaka 1991 wakaenda Bangladesh kuanzisha karakana. Shirika lao la Motivation lilizaliwa huko. Ralf Hotchkiss wa California, anayetumia kiti tangu ajali ya pikipiki akiwa mwanafunzi, alitembea nchi nyingi akibuni viti pamoja na mafundi wenye ulemavu. Mwaka 2005 Amos Winter, wakati huo mwanafunzi wa uhandisi katika chuo kikuu cha MIT cha Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza jinsi viti mwendo vinavyotumika. Kutokana na aliyoyaona akabuni kiti kinachosukumwa kwa fito mbili, ambapo ukizishika juu unapata nguvu ya kupanda na ukizishika chini unapata mwendo. Sehemu zake zinazosogea ni vipuri vya baiskeli. Mhandisi mwingine wa Marekani, Don Schoendorfer, alimwona mwanamke wa Morocco akijiburuta barabarani, na miaka mingi baadaye akafunga magurudumu kwenye kiti cheupe cha plastiki cha bustanini. Shirika lake, Free Wheelchair Mission, lilianza mwaka 2001 na limetoa viti zaidi ya milioni moja. Kile cha kwanza kilikuwa na kipimo kimoja kwa watu wote. Baadaye shirika hilohilo likatengeneza vinavyorekebishwa, na naliheshimu kwa hilo.

Kazi kubwa ya wabunifu hawa ilimlenga mtu mwenye mikono. Mtoto asiyekaza shingo alisubiri zaidi, hadi Motivation na wengine wachache walipomgeukia kwa viti vya kushika mwili vinavyofungwa juu ya fremu ya magurudumu.

Kwa upande wetu, mizizi ya ujuzi huu iko Moshi. TATCOT, kituo kilichoanzishwa mwaka 1981 kwenye eneo la hospitali ya KCMC kufundisha mafundi wa viungo bandia, kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kwa kushirikiana na Motivation kikaongeza mafunzo ya mafundi wa viti mwendo. Shirika la CCBRT la Dar es Salaam, linalohudumia watu wenye ulemavu, lilianza mwaka 1994. Nchini Kenya, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kimekuwepo tangu mwaka 1958 na kina karakana yake ya viti Nairobi. Ujuzi upo, basi, na ni wa Waafrika. Tatizo ni uchache wa walionao na umbali wao. Mtoto wa wilaya ya mbali kama Kakonko au Tandahimba anaweza kuandikwa kwenye orodha ya kupata kiti bila mzazi wake kuwahi kukutana na mtu wa kumpima.

Kuna kazi inayoweza kufanyika hata huko. Nchini Zimbabwe Bevill Packer aliendeleza njia ya kutengeneza samani kwa maboksi na magazeti ya zamani. Tabaka hugandishwa juu ya tabaka kwa uji mzito wa unga, hukaushwa juani, hupakwa rangi au vanishi, na kinachopatikana kinabeba uzito wa mtu. Kwa njia hiyo hutengenezwa kiti cha kona kwa mtoto anayeanguka pembeni, meza ya kulia na stendi ya kumsimamisha. Adui yake ni maji, iwe mvua au mkojo, kwa hiyo kinahitaji kifuniko cha nailoni na nyumba isiyovuja. Hakina magurudumu na hakimfikishi mtoto shuleni. Kinamkalisha nyumbani, kwa kipimo chake mwenyewe, na akikua kingine kinatengenezwa.

David Werner, anayefahamika kwa wasomaji wa Kiswahili kwa kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari, alizaliwa na ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika kwa misuli. Mwaka 1981 katika kijiji cha Ajoya, Mexico, alisaidia kuanzisha mradi wa PROJIMO, ambamo wanavijiji wenye ulemavu wenyewe waliwatengenezea wengine viti na vifaa vya kutembelea. Mwaka 1987 aliyoyakusanya yalitoka kama kitabu kinene kuhusu watoto wenye ulemavu vijijini, kilichojaa michoro ya vifaa vya mbao, mianzi na mipira ya magurudumu. Fundi seremala wa kijijini kwetu anaweza kuisoma michoro ya aina hiyo, ila ni nadra kuulizwa.

Majirani

Kiti kilichofungwa vizuri kikifika kwenye nyumba iliyojitenga, bado kitashindwa. Kuna mlima wa kwenda barabara kuu. Kuna konda anayedai nauli ya kiti kama abiria wa pili, au anayeondoka kabla hakijakunjwa. Kuna kizingiti cha zahanati, choo cha shimo ambacho mlango wake haupitishi kitu chochote chenye magurudumu, na watu wanaouliza mama alimkosea nani. Mama anapochoka na maswali hayo anaanza kutoka usiku tu, au hatoki. Akina baba wengine huondoka. Hayo si ya Tanzania peke yake.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti, Joseph Gona akiwa mmoja wao, wamefanya kazi kwa miaka mingi na walezi wa watoto wenye ulemavu. Walezi waliwaeleza kuhusu umaskini, uchovu na maneno ya watu. Baadaye vikaundwa vikundi vya walezi vya kusaidiana, vyenye shughuli za kuingiza kipato na vilivyotembelewa mara kwa mara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Miongoni mwa yaliyoonekana ni walezi kuhisi wanapata msaada zaidi kutoka kwa watu wanaowazunguka. Halinishangazi. Kikundi kinatoa vitu ambavyo mradi haununui: mtu wa kumwachia mtoto kwa saa moja ili mama apeleke nyanya sokoni, bajaji moja inayokodiwa na watu watatu kwenda kliniki siku moja, mama mzoefu anayemwambia mgeni, "Mwenzangu, wangu naye alianza hivyo," kisha anamwonyesha jinsi ya kuiweka nyonga nyuma kabisa ya kiti kabla ya kufunga mkanda.

Naamini pia kikundi kikiwaalika akina baba kwenye siku ya kufunga na kurekebisha viti kinafanya jambo la maana. Mwanamume aliyezoea kukaa pembeni kwa sababu hajui amfanyie nini mtoto huyu, kazi ya spana inampa pa kuanzia.

Fundi baiskeli naye ni mtu wa huduma hii, hata kama hakuna aliyemwambia. Kiti kinachotumia tairi, tyubu, spoku na beringi za baiskeli atakitengeneza siku hiyohiyo. Kiti kinachotaka kipuri kutoka nje kitalala kwa pancha moja. Anayenunua viti kwa ajili ya vijiji angetakiwa kumwita fundi wa kijiji kimoja akague sampuli kabla fedha hazijalipwa. Fundi cherehani naye ana sehemu yake: mikanda hukatika, sponji hubonyea, na kifuniko cha mto lazima kiwe kinavulika na kufuliwa.

Shuleni, wenzake wanaweza kuwa baraka au hatari. Watoto hupenda kusukuma kiti, na hupenda kukimbia nacho. Wafundishwe kufunga breki kabla mtu hajainuliwa, na kwamba kwenye mteremko mkali kiti hushushwa kinyumenyume, anayekishika akiwa upande wa chini. Mwalimu anayetumia nusu saa kufundisha hayo siku ya kwanza amefanya kazi ya usalama ya mwaka mzima. Ngazi mbili za mbele ya darasa zinaweza kufunikwa kwa mteremko wa zege siku za likizo, na wazazi wakachangia mchanga na kokoto kama wanavyochangia ujenzi mwingine. Choo ni kigumu zaidi, na choo ndicho kinachowatoa watoto wengi shuleni, hasa wasichana wanapovunja ungo. Shule inayompokea mtoto wa kiti mwendo bila kuulizwa swali la choo imempokea nusu siku.

Nani alipe

WHO inakadiria kuwa watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti mwendo, na kwamba wanaokipata, kulingana na nchi, ni kati ya asilimia 5 na 35. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 20 ya mkataba huo inataka serikali ziwezeshe watu kupata vifaa bora vya kutembelea kwa gharama wanayoimudu, na ziwafundishe wanaovitumia pamoja na wataalamu wanaowahudumia. Mwaka uliofuata Bunge lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kuvuka vikwazo vyake. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa vifaa vya watu wenye ulemavu. Kwenye maandishi, basi, kiti cha mtoto si sadaka.

Kwenye bajeti bado kinaonekana kama sadaka, kinachongojwa kutoka kwa mfadhili, mbunge au kampuni. Wafadhili waendelee, ila sehemu ya fedha zao iwe ya kupima kabla na kurekebisha baadaye, hata kama maana yake ni viti vichache zaidi kwenye picha. Ningependa viti thelathini vinavyotumika kuliko mia vilivyo nyuma ya milango. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na hii ndiyo fursa ya kuuliza kama kumkalisha mtoto vizuri, jambo linalomkinga na nimonia, vidonda na kupinda mgongo, kutahesabiwa kuwa tiba. Naona ni tiba bila shaka yoyote.

Halmashauri zisingoje hadi huko. Mtoto mchanga nchini mwetu ana kadi ya kliniki yenye mchoro wa uzito na tarehe ya kurudi. Mtoto mwenye kiti mwendo anastahili kadi yake: upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu kutoka kiti hadi bega, hali ya ngozi ya makalio, kilichorekebishwa, jina la fundi aliye karibu, tarehe ya kurudi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba ataisoma na kujua ni mtoto gani kipimo kimempita. Kikundi cha walezi kitajua nani wa kumkodia bajaji mwezi huu. Na mwisho wa mwaka ofisa ustawi wa jamii, badala ya idadi ya viti vilivyogawiwa, atakuwa na idadi ya watoto ambao bado wanakaa vizuri kwenye viti vyao, aisome mbele ya baraza la madiwani na kuombea fedha.